Mawe Kumi na Moja

Kazi niliyopewa ni kuyalinda.
Si kuyachonga. Kuyalinda.
Miaka thelathini na mmoja nimepasua itale
machimboni, juu ya Valdereixo,
vumbi lake limenikaa kifuani kama mpangaji asiyelipa kodi,
na leo nimevishwa fulana ya manjano, nimepewa tochi na filimbi,
nilinde mawe yaliyokuja kwa meli.

Uwanja wa kanisa unatandikwa upya.
Ubao wa mradi umesimama karibu na kisima:
jina la mfadhili, jina la mkandarasi wa Lisbon,
tarakimu yenye sufuri zilizomchosha mjukuu wangu kuzihesabu,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
kwa manufaa ya wakazi.
Wakazi ni sisi. Tunausoma tukiwa tumeinama.

Ukiinua uso hapo hapo
unayaona machimbo, jeraha jeupe mlimani.
Dakika kumi na nne kwa lori; kumi, akiendesha Zeferino.
Lakini zabuni ilitaka bei ya chini,
na bei ya chini ilikuwa ng'ambo ya bahari mbili.
Nilimuuliza Otília wa halmashauri hesabu hiyo imepigwaje.
Akasema, "Adelino, jiwe lako lina bima,
lina pensheni, lina likizo ya Agosti."
Nikasema ndiyo. Na lina karo ya watoto,
na lina duka la mkate la Graciete, lililofungwa Machi.
"Hayo hayamo kwenye fomu," akasema,
akatazama pembeni. Graciete ni dada yake.

Usiku nayagonga moja moja
kwa nyundo ndogo niliyoificha kotini.
Jiwe zima hulia, lenye ufa hukohoa.
Haya yanalia vizuri, sitasema uongo.
Yupo mtu huko aliyeyachonga kwa mkono unaojua,
naye pia, nadhani, hakuulizwa kitu.

Dilbahadur hutoka kwenye kontena
wanamolala wanane, akaniletea chai ya tangawizi.
Yeye hupanga mawe. Kwao Nepali, anasema
kwa Kireno cha kuokoteza,
barabara ilipita katikati ya shamba la baba yake;
wajenzi walikuja na wapishi wao, hata chumvi yao.
"Na wewe walikupa kazi gani?"
"Kulinda mashine."
Tulicheka hadi mbwa wa padri akabweka.

Wiki ya mwisho, kando ya mfereji, mawe yakapungua.
Kumi na moja.
Meli ya pili ni majuma tisa, waziri anakuja Jumapili.
Msimamizi, kijana wa viatu visivyojua tope,
akanijia huku anafuta jasho:
"Mzee, hivi huku hakuna jiwe linalofanana?"

Huku.
Nikautazama mlima. Naye akautazama,
kama mtu aliyeuliza saa akiwa chini ya mnara wa saa.

Nilimwamsha Zeferino. Tukafungua mnyororo wa lango,
kutu ikatupaka viganja.
Niliyachonga usiku ule ule,
mkono ukikumbuka kabla yangu mimi.
Kisha nikaandika stakabadhi: ushuru, bima, vyote.
Kijana akalipa. Hakuwa na muda wa kupunguza bei.

Waziri alikata utepe, akasifu
mikono ya wenyeji. Watu wakapiga makofi.
Dilbahadur, mkoba begani, basi likimngoja,
aliligusa moja kwa ncha ya kiatu
akanikonyeza.

Likiwa kavu huwezi kulitambua.
Lakini jiwe la kwetu likilowa
hugeuka rangi ya koo la njiwa; la meli hubaki kijivu.
Duka la Graciete bado limefungwa.
Lango la machimbo tumelirudishia mnyororo.
Mvua ikinyesha natoka bila mwavuli
nikasimama kando ya mfereji, nikahesabu
hadi kumi na moja,
kisha nanyamaza. Zaidi ya hapo
sina changu cha kuhesabu.